KUTOKA PATE HADI WITU: KUINUKA NA KUANGUKA KWA DOLA YA NABAHANI

Bismillahir Rahmanir Rahim



Vijana wetu wengi ukiwauliza habari za dola zilizoinuka kisha zikaanguka, watakutajia Roma, Andalusia, Dola ya Uthmaniya, ama wale wafalme wa Uchina wanaowaona kwenye filamu. Si vibaya, elimu ni elimu. Lakini ukipanda gari hapa Garsen ukashika njia ya Lamu, ukapita Minjila na Gamba, si muda utafika Witu. Wengi wetu hupita hapo tukisinzia kwenye basi. Tukiamka tunaona maduka, msikiti, watoto wa madrasa wanavuka barabara, basi tunasinzia tena. Kumbe hapo ndipo ilipokatia roho dola ya Kiislamu iliyokuwa na sultani wake, jeshi lake, na nasaba iliyokwenda nyuma mpaka Oman.

Allah (S.W.T.) ametuamrisha mara nyingi katika Qur'ani tutembee ardhini tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Sisi watu wa Tana hatuna haja ya kukata tiketi ya ndege. Mwisho wa waliotutangulia uko hapa hapa, baina ya Ozi, Kipini na Witu. Hebu tuutazame.

WALITOKA WAPI HAWA NABAHANI?

Banu Nabhan walikuwa ukoo uliotawala bara ya Oman kwa karne kadhaa, kuanzia karne ya 12. Utawala wao huko ulimalizika mwaka 1624, Waomani walipomchagua Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi kuwa Imamu.

Tawi lao la pwani yetu lilikuwa Pate, kile kisiwa cha kaskazini ya Lamu chenye miji ya Pate, Siyu na Faza. Habari za Pate, zile zilizohifadhiwa na kusimuliwa na Bwana Kitini, mzee wa ukoo huohuo, zinasema kwamba Mnabahani wa kwanza, Suleiman, alifika Pate mwanzoni mwa karne ya 13. Hakuja na upanga. Alikuja kama mgeni, akaoa binti wa mtawala wa mji, na ufalme ukaingia nyumbani mwake kwa njia ya ndoa. Wanahistoria wengi wa leo wanaona kuwa Wanabahani walishika utawala baadaye sana, yapata karne ya 17, na kwamba mji wa Pate wenyewe ulikuwepo kabla yao. Tofauti hiyo tuwaachie wataalamu. Muhimu kwetu ni kwamba dola hii ilianza kwa kuunganisha watu: mgeni na mwenyeji walikuwa nyumba moja. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

PATE ILIPONG'ARA

Pate haikuwa mji wa mchezo. Nguo zake za hariri zilijulikana pwani nzima, na Wareno wenyewe walizinunua kwenda kufanyia biashara kwingine. Wafua fedha na dhahabu walikuwa na kazi. Majahazi yalikwenda Bara Hindi na Uarabuni. Masharifu kutoka Hadhramaut walifika wakakaa, wakasomesha, na Pate ikawa mji wa wanavyuoni.

Na hapo ndipo penye fahari kubwa zaidi. Mwaka 1728 Bwana Mwengo bin Athumani aliandika Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, kwa ombi la Sultani wa Pate. Huo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo yenye tarehe. Unasimulia vita vya Waislamu na Warumi tangu zama za Mtume (S.A.W.). Mtu akikwambia kwamba Kiswahili kililetewa kalamu na wazungu, mwambie akasome habari za Pate kwanza.

Lakini walikuwa na adui. Wareno waliwasumbua tangu karne ya 16, wakiwatoza kodi na kuwapangia wafanye biashara na nani. Watu wa Pate waliasi mara kwa mara. Mwaka 1678 liwali mkuu wa Wareno aliyekaa Goa, Pedro de Almeida, alikuja mwenyewe na manowari. Mji ukaporwa, na mwanzoni mwa 1679 mfalme wa Pate akakatwa kichwa pamoja na wafalme wa Siyu, Lamu na Manda. Wafalme wanne kwa mpigo! Wareno waliondoka tu majahazi ya Waomani yalipotokea. Baadaye Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia 1696, na mwaka 1698 ikaanguka mikononi mwao.

Ungedhani baada ya hapo Pate wangepumzika. La. Hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza.

UGONJWA WA KUITA MGENI

Pate wakagombana na Waomani. Ugomvi ulipozidi, Sultani wa Pate alituma ujumbe Goa kuomba msaada wa nani? Wa Wareno walewale! Hazijatimia miaka 50 tangu wamkate kichwa mfalme wa Pate, mfalme mwingine wa Pate anawaita warudi. Mwaka 1728 Wareno waliitwaa tena Ngome ya Yesu, na Pate wakiwa upande wao. Haukupita muda Pate na Wareno nao wakakosana, na kufikia mwisho wa 1729 Mreno amefukuzwa tena. Ni mwaka uleule wa 1728 ulioandikwa Utendi wa Tambuka. Yaani mkono mmoja unaandika ushindi wa Waislamu, mkono mwingine unaandika barua Goa.

Ndani ya Pate kwenyewe hali haikuwa nzuri. Katika miaka ya 1760 na 1770 alitawala mwanamke, Mwana Khadija. Habari za Pate zinasimulia kwamba ilizuka fitna kubwa, mji mmoja ukawa na wadai wawili wa kiti, na watu wakapigana mtaa kwa mtaa. Vita vya namna hiyo havina mshindi. Mashamba hulala, njaa ikaingia, na tajiri mwenye jahazi akahamia pengine.

Mshairi mkubwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyaona magofu ya Pate kwa macho yake, akatunga Al-Inkishafi. Humo anaihoji nafsi yake: wako wapi waliokuwa wakijivuna katika majumba yale? Mzazi ambaye hajawahi kuwasomea wanawe utenzi huo, basi Ramadhan ndiyo wakati wake.

Kisha ikaja Shela. Mnamo 1812 na 1813 Pate waliungana na Wamazrui wa Mombasa ili kuitia Lamu mkononi. Jeshi lilishuka Shela, Waamu wakatoka kupigana kufa na kupona. Wavamizi walipovunjika wakakimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Wengi waliuawa pale ufuoni.

Waamu walishinda, lakini nao wakaingiwa na hofu ya kisasi. Wakafanya yaleyale: wakamwita mkubwa wa mbali, Sayyid Said bin Sultan wa Maskati. Akaleta liwali na askari, na ngome ya Lamu ikakamilika kama mwaka 1821. Wenye kushinda na wenye kushindwa, wote wakawa chini ya mtu wa tatu. Tangu hapo, kila alipokufa sultani wa Pate palitokea wadai wawili, mmoja ana Mazrui nyuma yake na mwingine ana Busaidi. Unafikiri kiti hicho kilikuwa cha nani hasa?

SIMBA WA WITU

Mwisho wa Pate haukuwa mwisho wa Nabahani. Ahmad bin Fumo Luti, aliyepewa jina la Simba, alikataa kumtii Sultani wa Zanzibar. Aliposhindwa visiwani alivuka kuja bara. Alikaa Kau, kwenye mto Ozi, kisha yapata mwaka 1862 akajenga Witu. Aliuchagua mji huo kwa akili: uko mbali na bahari, manowari hazifiki, na pande zote ni msitu. Majeshi ya Zanzibar yalijaribu kumng'oa, hayakufaulu.

Hapa Simba alifanya kama babu zake wa kwanza: alikusanya watu. Waliomfuata kutoka Pate na Siyu, waliokimbia madeni na dhuluma, na hasa watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Witu ikawa kimbilio. Tusipambe zaidi ya ukweli, maana Simba naye na wakubwa wake walikuwa na watumwa, na majirani walilalamika kuvamiwa na watu wa Witu. Lakini mtoro aliyefika Witu alikuwa na bunduki, shamba na ulinzi, na hakuwa na hamu ya kurudi alikotoka. Mji ulisimama kwa sababu watu hao walikuwa na kitu cha kupigania.

Na sisi watu wa Tana tuna kumbukumbu yake moja ambayo haifutiki. Katika miaka ya 1860, enzi ya Simba, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mto Tana na mto Ozi, ili mitumbwi yenye mpunga na nafaka iweze kushuka mpaka Kau bila kupita baharini. Ulikuwa mtaro mdogo wa kupitisha mitumbwi, uliochimbwa kwa majembe na mikono ya watu. Mafuriko yakaja, mto ukaupenda ule mtaro, ukaupanua mwaka baada ya mwaka, mpaka Tana ikaacha mdomo wake wa zamani ulioko kusini ikawa inamwaga maji yake Kipini. Leo ukisimama Kipini ukauona mto ule mpana, ujue uliingia hapo kwa mlango aliofunguliwa na binadamu. Ukishafungua mlango, huchagui tena kitakachoingia na kiasi gani.

KARATASI YA MJERUMANI

Simba aliendelea kuiogopa Zanzibar. Wakati huo wakafika ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt. Tarehe 8 Aprili 1885 aliwapa ardhi kwa mkataba, na tarehe 27 Mei mwaka huohuo Ujerumani ikatangaza kuwa Witu iko chini ya himaya yake. Sayyid Barghash wa Zanzibar alipinga, lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, akanyamaza. Kwa Simba ilionekana ni ushindi. Amepata mlinzi mwenye nguvu kuliko adui yake.

Simba alifariki mwaka 1889, akarithiwa na Fumo Bakari. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza walitia saini mkataba wao huko Ulaya. Ujerumani ikakubali kuiachia Uingereza Witu pamoja na madai mengine huku kwetu, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Hakuna mtu wa Witu aliyeulizwa. Ile karatasi iliyokuwa kinga ikawa hati ya kuuziwa.

Hasira ikapanda. Mwezi wa Septemba 1890 Mjerumani mmoja, Andreas Küntzel, alikuja Witu na wenzake. Wakagombana na walinzi wa lango, risasi zikalia, Küntzel na wenzake kadhaa wakauawa. Waingereza wakataka wahusika wakabidhiwe, Fumo Bakari akakataa kuwatoa watu wake. Mwezi wa Oktoba Admeri Fremantle akashusha mamia ya mabaharia na askari Kipini, wakapanda bara, na tarehe 27 Oktoba 1890 wakaingia Witu. Mji ulipigwa kisha ukachomwa moto.

Fumo Bakari alikimbilia Jongeni msituni, akafariki mwanzoni mwa 1891. Fumo Omari akaendeleza vita kutoka Pumwani na Jongeni, mpaka ngome hizo nazo zikavunjwa mwaka 1893, na mwishowe akapelekwa Zanzibar. Mwaka 1895 Waingereza walimweka kwenye kiti Omar bin Hamad, Mnabahani naye, lakini sultani wa kuwekwa. Alikaa mpaka 1923. Baada yake hakuna aliyetawazwa tena. Dola ikaisha, bila hata mlio wa mzinga.

NI SISI PEKE YETU?

Msomaji anaweza kusema, hiyo ni kwa sababu tulikuwa wadogo mbele ya wazungu. Basi na tutazame dola iliyokuwa kubwa kuliko zote za zama zake. Ming walitawala Uchina kuanzia 1368 hadi 1644. Ndio waliotuma merikebu kubwa mpaka pwani yetu, chini ya amiri wao Zheng He, mtu aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu ya mkoa wa Yunnan na ambaye baba yake na babu yake walihiji Makka. Alifunga safari saba baina ya 1405 na 1433. Mwaka 1415 twiga wa zawadi kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Ming, watu wakastaajabu.

Dola hiyo nayo ilikufaje? Njaa, kodi nzito na ugomvi wa wakubwa viliwachosha raia. Aprili 1644 waasi, Wachina wenyewe, wakauteka mji mkuu wa Beijing, na mfalme akajinyonga. Jenerali Wu Sangui, aliyekuwa akilinda lango la ule ukuta mkubwa, akaona bora aombe msaada kwa Wamanchu walioko nje ya ukuta ili wamwondolee waasi. Akawafungulia lango. Wamanchu wakawatimua waasi kweli, lakini hawakurudi kwao. Walikaa wakitawala mpaka 1912.

Ukuta ule wote, matofali yote yale, na adui akapitishwa mlangoni. Tofauti yake na Pate ni ukubwa tu.

Mwanachuoni wetu Ibn Khaldun (aliyefariki 1406) alikwishalieleza jambo hili katika Muqaddima yake. Dola husimama kwa asabiyya, yaani ule mshikamano wa watu wanaobebana. Wajukuu wakizaliwa ndani ya raha, wakasahau shida iliyowaunganisha babu zao, mshikamano hulegea, na dola huanza kuzeeka kama anavyozeeka mwanadamu. Na Qur'ani ilitangulia kabla yake. Katika Surat Al-Anfal, aya ya 46, Allah anatukataza tusigombane, tusije tukavunjika moyo na nguvu zetu zikapotea. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa nguvu lina asili ya upepo. Watu wa jahazi wataelewa: tanga bila upepo ni kitambaa tu.

SISI WA LEO

Ndugu zangu, tusome historia hii tukijitazama wenyewe. Sisi wa delta ya Tana hatuna sultani wa kugombania, lakini tuna mto, malisho na mashamba. Mwaka 2012 Ramadhan ilimalizika, tukasali Idd, na siku chache tu baadaye, tarehe 22 Agosti, kijiji cha Riketa kikavamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kikafuata kisasi mpaka mwanzoni mwa 2013, na waliokufa wakapita mia moja, Waorma na Wapokomo. Waliokuwa wakiuana, wengine wao walikuwa wakielekea kibla kimoja. Futari ilikuwa bado haijasahaulika tumboni.

Baada ya hapo nani aliamua mambo yetu? Amri ya kutotoka nje usiku, askari waliotoka mbali, tume za kutoka Nairobi. Hatuwalaumu, palipokuwa pameharibika walihitajika. Lakini ni somo lilelile la Shela: nyumba ikishindwa kusuluhisha ugomvi wake, atakuja mwingine kuusuluhisha, naye atakaa kwenye kiti. Surat Al-Hujurat inatuamrisha tukiona makundi mawili ya waumini yanapigana tuyapatanishe, tena kwa uadilifu. Kazi hiyo imeachiwa waumini wote. Haikusema tusubiri mkuu wa wilaya.

Lipo jambo moja la kufurahisha mwishoni. Kiti cha Nabahani kimekwisha, majumba ya Pate ni magofu, Witu ya Simba ilichomwa. Lakini kalamu yao haikuungua. Katika nasaba hiyo alitoka Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, mshairi na mtaalamu wa lugha, mwandishi wa Sambo ya Kiwandeo. Ukisema "runinga" nyumbani kwako, unatumia neno alilolibuni yeye. Babu zake walipigania kiti wakakikosa. Yeye hakuwa na kiti wala askari, na neno lake liko midomoni mwa Waswahili kuanzia hapa mpaka Dar es Salaam.

Basi kijana, ukipita Witu safari ijayo usisinzie. Soma Faatiha kwa waliotangulia, kisha jiulize: katika mtaa wangu, katika msikiti wangu, katika jumuiya yangu ya vijana, mimi ni mwenye kuunganisha nyumba au mwenye kumwita mgeni aje aivunje? Na wazazi, waulizeni watoto swali hilo baada ya futari, muwasikilize majibu yao.

Tunamuomba Allah (S.W.T.), Mwenye ufalme wote, anayempa amtakaye na kumuondolea amtakaye, azikubali funga zetu, awarehemu waliokufa kwa fitna katika ardhi hii, na azifanye nyoyo zetu kuwa moyo mmoja. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.